Wimbo Uliopendwa Unapogeuka Karaha

Hakuna wimbo uliopata kuchukiwa na watu wengi ambao kwanza haukupendwa na watu wengi. Wimbo usiojulikana haumuudhi mtu. Hupita kama upepo, ukasahauliwa. Lakini ule uliopigwa katika kila harusi, kila baa, kila basi na kila duka la kinyozi, hata watoto wakawa wanauimba njiani wakienda kuteka maji, ndio huo huo ambao baada ya miezi michache humfanya baba ainuke kitini akaizime redio, na mama aseme, "Jamani, wimbo huo tena!" Wahenga walikwisha liona jambo hili waliposema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kwa mtazamo wa haraka huonekana ni jambo dogo, la kuchekesha tu. Hata hivyo, katika nyumba za askari, ambako familia nyingi hukaa chini ya paa moja na ukuta mmoja hutenganisha chumba na chumba, wimbo mmoja waweza kuleta ugomvi ambao chumvi na mkaa wa kuazimana haukuweza kuuleta. Jirani mmoja anauona muziki wake ni furaha aliyoigharimia kwa mshahara wake. Jirani wa pili anauona ni kero inayomnyima usingizi. Wote wawili wana sababu. Basi yafaa kujiuliza: ni kitu gani hasa kinachoubadili utamu kuwa uchungu, ilhali sauti ni ile ile, ala ni zile zile, na maneno hayakuongezwa wala kupunguzwa?

KUZOEA NA KUKINAI

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelishughulikia swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1968, Robert Zajonc, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa Poland, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyopata sifa kubwa. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na maandishi ya Kichina, na picha za nyuso za watu wasiowajua. Vingine vilionyeshwa mara moja, vingine mara nyingi, hata kufikia mara 25. Ikadhihirika kwamba watu walivipenda zaidi vile vilivyorudiwa, ingawa hawakuvielewa. Kwa maneno mengine, kuzoea peke yake huzaa mapenzi. Watangazaji wa redio na wauzaji wa nyimbo waliijua siri hii hata kabla haijaandikwa vitabuni: wimbo ukipigwa mara nyingi, hata aliyeukataa mwanzoni huanza kuufuatisha kwa mguu.

Lakini mapenzi hayo yana mpaka. Mtaalamu mwingine, Daniel Berlyne, aliyezaliwa Uingereza na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba hali ya kupendezwa ni mfano wa kupanda kilima. Kitu kigeni mno hakipendezi. Kikizoeleka kidogo hupendeza. Kikizoeleka zaidi hufika kileleni. Na kikizidi hapo, mtu huanza kuteremka upande wa pili, akakinai. Tena, kitu chepesi humfikisha mtu kileleni upesi na kumteremsha upesi. Ndiyo maana wimbo wa kiitikio kimoja kinachorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho huvuma kwa kasi kama moto wa nyasi kavu, kisha huchosha kwa kasi ile ile. Ni kama mua: utamu wake wote huja kwa meno ya kwanza, na anayeendelea kutafuna hubakiwa na makapi.

Wazee wa zamani hawakuijua adha hii kwa kiasi tunachokiona leo, kwa kuwa nyimbo zao zilikuwa na majira. Za mavuno ziliimbwa wakati wa mavuno, za arusi wakati wa arusi, na za msiba matangani. Miongoni mwa Wagisu wa mashariki ya Uganda, msimu wa tohara ya imbalu huja katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na nyimbo zake huja pamoja nao. Aliyezisikia mwaka huo hukaa na hamu mpaka msimu mwingine. Hali kadhalika nyimbo za Krismasi za marehemu Philly Lutaaya, mwanamuziki maarufu wa Uganda aliyefariki Desemba 1989. Kila mwezi wa Desemba unapofika husikika madukani na majumbani, na watu huzipokea kama wageni waliokuwa wakingojewa. Sababu moja ya kutochakaa kwao ni hii, kwamba hupumzika miezi kumi na mmoja. Mashine ya kurudisha sauti, tangu santuri na kanda hadi simu ya mkononi, imeuondolea wimbo mapumziko hayo. Mwimbaji wa ngoma huchoka akakaa chini. Kipaza sauti hakichoki.

WIMBO UNAOGANDA KICHWANI

Kuna aina nyingine ya karaha ambayo hata kuizima redio hakuiponyi. Wimbo huganda kichwani, ukawa unajiimba wenyewe asubuhi hadi usiku, tena kipande kimoja tu kisichokwisha. Wajerumani wameiita hali hiyo kwa jina lenye maana ya mdudu wa sikio. Mwandishi wa Marekani Mark Twain aliitungia hadithi ya kuchekesha mwaka 1876, akieleza habari za mtu aliyeshindwa kula, kufanya kazi na kulala kwa ajili ya mashairi mepesi aliyoyasoma gazetini, hata akapona tu alipomwambukiza rafiki yake.

Dawa moja iliyojaribiwa ni rahisi kupatikana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walitangaza kwamba watu waliotafuna chingamu baada ya kusikia wimbo wa kuganda walijiwa na wimbo huo kichwani mara chache zaidi kuliko wasiotafuna. Maelezo yao ni kwamba mtu anapouimba wimbo kimoyomoyo, hutumia sehemu ile ile ya akili inayoongoza ulimi na taya katika kusema. Taya likishughulishwa na jambo jingine, wimbo hukosa nafasi. Askari wa zamu anayesumbuliwa na wimbo mmoja usiku kucha aweza kuijaribu dawa hiyo, mradi kanuni za zamu yake zinamruhusu kutafuna.

JE, UPO WIMBO MBAYA KWA ASILI YAKE?

Wengi watasema kwamba maelezo yote hayo hayana haja: nyimbo nyingine ni mbaya tu, basi. Hoja hiyo nayo ilipata kujaribiwa. Mwaka 1997 wasanii wawili waliotoka Urusi na kuhamia Marekani, Vitaly Komar na Alexander Melamid, walishirikiana na mtunzi wa muziki Dave Soldier kuuliza watu wapatao 500 ni mambo gani wanayoyapenda na ni yapi wasiyoyapenda katika muziki. Kisha wakatunga nyimbo mbili. Wa kwanza ulikusanya yote yaliyopendwa: wimbo wa mapenzi, wa dakika tano hivi, wenye gitaa, piano, saksafoni na sauti nene tulivu za mume na mke. Wa pili ulikusanya yote yaliyochukiwa: ulidumu takriban dakika 22, ukachanganya kodiani, zumari za mfuko za Kiskoti, kinubi, kwaya ya watoto yenye kuimba nyimbo za sikukuu na matangazo ya biashara, na mwimbaji wa kike wa opera akitoa maneno ya haraka haraka kuhusu wachunga ng'ombe.

Kilichotokea ni kinyume cha matarajio. Wimbo ule uliotungwa kwa ajili ya kuchukiwa ulipata wasikilizaji wake, nao wakaucheka na kuwasikilizisha rafiki zao. Na wapo wanaosema kwamba ule uliotungwa kwa kupendwa ndio uliowachosha mapema. Aliyeusikiliza wimbo mbaya aliusikiliza kwa hiari yake, na aliweza kuuzima wakati wowote. Hapo ndipo kiini cha kadhia hii kinapoonekana. Wimbo mbaya uliochaguliwa na msikilizaji waweza kuwa burudani. Na wimbo mzuri ambao msikilizaji hana uwezo wa kuusimamisha waweza kuwa adhabu.

KUNYIMWA HIARI

Mfano mwepesi uko pwani ya Kenya. Wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms, uliotungwa na Teddy Kalanda, ulienea mapema katika miaka ya 1980, ukavuka bahari, na mwaka 1983 kikundi cha Boney M kikautolea namna yake ya kuuimba. Tangu hapo umekuwa salamu ya mahoteli. Mtalii anayekaa siku nne huusikia mara chache, akarudi kwao akiupenda. Lakini mtumishi wa meza aliyefanya kazi hapo miaka kumi ameusikia jioni baada ya jioni, tena akiwa ameshika sinia na kutakiwa kutabasamu. Wimbo ni mmoja. Tofauti ni kwamba mgeni ameufuata kwa nauli yake, naye mtumishi hana pa kuukimbilia.

Mfano mzito unawahusu wanajeshi. Tarehe 20 Desemba 1989 majeshi ya Marekani yaliivamia Panama. Mtawala wa nchi hiyo, Jenerali Manuel Noriega, akakimbilia katika ubalozi wa Vatican siku nne baadaye. Majeshi yaliyouzunguka ubalozi yakaweka vipaza sauti vikubwa, yakapiga usiku na mchana nyimbo za roki zilizokuwa zikivuma. Ilielezwa pia kwamba makelele hayo yalikusudiwa kuwazuia waandishi wa habari wasiyasikie mazungumzo kwa vyombo vyao. Nyimbo zile vijana wa Marekani walikuwa wakizinunua kwa fedha zao. Lakini kwa waliokuwamo ndani, pamoja na mapadri wasiokuwa na hatia yoyote, zilikuwa mateso. Vatican ikalalamika, na baada ya siku chache muziki ukazimwa. Noriega alijisalimisha tarehe 3 Januari 1990, siku kadhaa baada ya vipaza sauti kunyamaza, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba ni muziki uliomtoa.

Mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraki, vyombo vya habari viliripoti kwamba wafungwa walikuwa wakipigiwa kwa sauti kubwa, kwa muda mrefu, nyimbo za roki pamoja na wimbo kutoka kipindi cha televisheni cha watoto wadogo. Yaani wimbo uliotungwa ili kumwambia mtoto kwamba anapendwa ulitumika kumvunja mtu mzima moyo. Kwa askari wa polisi jambo hili si hadithi ya mbali. Mnamo 1978 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mbinu tano zilizotumiwa kuwahoji wafungwa wa Ireland ya Kaskazini mwaka 1971, mojawapo ikiwa ni kuwaweka katika mvumo wa sauti usiokoma, zilikuwa kuwatendea watu kinyume cha ubinadamu na kuwadhalilisha. Na nchini Uganda, sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso ilitaja maumivu ya akili sambamba na maumivu ya mwili. Anayedhani kwamba sauti haiachi alama, na kwa hiyo haimdhuru mtu, amekosea.

Haikosi mtu atakayeuliza: vipi kuhusu tarumbeta ya alfajiri kambini? Hiyo nayo hailetwi kwa hiari ya anayelala. Ni kweli, na chuki dhidi yake ni ya zamani. Mwaka 1918 mtunzi Irving Berlin, akiwa kuruta katika kambi ya Upton huko New York, alitunga wimbo wa kuchekesha juu ya jinsi alivyochukia kuamshwa asubuhi na mpiga tarumbeta, na wimbo wenyewe ukapendwa sana na askari. Lakini tarumbeta ina sababu inayojulikana, ina saa yake, na inakwisha. Binadamu huvumilia mengi ambayo anajua mwanzo wake, mwisho wake na maana yake.

WIMBO ULIOBEBA JERAHA

Iko karaha ya mwisho, nayo haifai kuchekwa. Wimbo hufungamana na wakati uliposikika, na wakati huo ukiwa wa msiba, wimbo huubeba msiba. Majirani wa Rwanda wanalijua jambo hili kwa uchungu mkubwa. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki uliopendwa na vijana, kisha ikachanganya muziki huo na maneno ya chuki. Miongoni mwa nyimbo ilizozirusha zilikuwamo za Simon Bikindi, mwanamuziki mashuhuri wa nchi hiyo. Mnamo Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, Tanzania, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Hakuhukumiwa kwa ajili ya nyimbo zenyewe, bali kwa maneno ya kuchochea mauaji ya kimbari aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari mwezi Juni 1994. Hata hivyo, mahakama ilikubali kwamba baadhi ya nyimbo zake zilikuwa za kueneza chuki ya kikabila. Aliyenusurika katika siku zile haulizwi kwa nini hawezi kustahimili kusikia wimbo ambao zamani kila mtu aliucheza.

Si lazima wimbo uwe na hatia ndipo uumize. Nyimbo za Lutaaya zilizotajwa hapo juu ni za furaha tupu. Lakini Lutaaya mwenyewe alikuwa Mganda mashuhuri wa kwanza kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, na nyumba nyingi zilifiwa katika miaka ile. Mjane aliyemzika mumewe mwezi wa Desemba aweza kuzisikia kwa namna tofauti na jirani anayechinja kuku wa sikukuu. Vivyo hivyo wimbo uliokuwa ukipigwa redioni siku habari za kifo zilipoletwa kutoka mstari wa mbele, au uliokuwa kinywani mwa mwenzake askari kabla ya shambulio. Askari aliyerudi nyumbani akiwa mzima wa viungo aweza kutoka nje ghafla mara wimbo fulani unapoanza, na watoto wakashangaa. Mkewe mwenye busara hamwandami kwa maswali mbele ya watu, wala hawaachi watoto wamdhihaki. Huuzima wimbo, akaongea na mumewe wakati wa utulivu. Na iwapo mshtuko huo waja pamoja na kukosa usingizi, ndoto za kutisha au hasira zisizo na sababu, si aibu kwenda kumwona daktari wa kikosi; huo ni ugonjwa unaotambulika na unaotibika.

NYUMBANI NA KWA JIRANI

Kutokana na hayo, yapo mambo machache ambayo kila familia yaweza kuyafuata bila gharama.

Kwanza, mwenye kushika kitufe cha redio akumbuke kwamba yeye peke yake ndiye mwenye hiari. Wengine wote wanapokea. Kuuliza tu, "Je, nawasumbua?" humrudishia jirani hiari yake, na mara nyingi jirani aliyeulizwa husema, "La, endelea," hata kama asingeulizwa angenung'unika.

Pili, yafaa kuijua ratiba ya majirani. Askari aliyelinda usiku hulala mchana, na kwake saa sita za adhuhuri ndiyo usiku wa manane. Watoto wafundishwe ni mlango gani ambao nyuma yake mtu amelala. Uganda ilitunga kanuni za viwango vya kelele mwaka 2003, lakini jirani mwema hangoji aletewe kanuni.

Tatu, masikio yatunzwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba usikilizaji usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti inapoongezeka, muda ulio salama hupungua upesi. Masikio ya askari yamekwisha pata sehemu yao katika uwanja wa kulenga shabaha. Hayahitaji kuongezewa na vipaza sauti vya harusini. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Nne, wimbo unaopendwa upewe mapumziko. Mtoto anayeurudia wimbo mmoja tangu chai ya asubuhi asipigwe wala kufokewa, kwani yeye bado anapanda kile kilima ambacho wazazi wake wamekwisha teremka. Afadhali afundishwe wimbo mwingine, hasa ule ambao bibi yake aliuimba. Nyimbo za nyanya zina ubeti wa pili na wa tatu, na hazina haraka ya kuchosha.

Tano, mtu anapoomba wimbo uzimwe, uzimwe kwanza, na sababu iulizwe baadaye, kwa upole na faraghani. Huenda amekinai tu. Huenda pia wimbo huo umemkumbusha aliyemzika, naye hakutaka kulia mbele ya wageni.